Namna ya kupiga simu bila namba yako kuonekana

Unapompigia dalali wa vyumba au mtu aliyetangaza kuuza sofa mtandaoni, mara nyingi unataka kuuliza bei tu, wala huna haja ya kumwachia namba atakayoitumia kukusumbua mwezi mzima. Kwa simu za namna hiyo, mfumo wa GSM unaotumika Afrika Mashariki una msimbo wa kuficha namba kwa simu moja. Fungua sehemu ya kubofya namba, andika #31# (yaani reli, 31, reli), kisha bila kuacha nafasi andika namba unayoipigia, kwa mfano #31#07XXXXXXXX, halafu piga. Simu itaita kama kawaida, ila kioo cha unayempigia kitaonyesha tu kwamba namba imefichwa au haijulikani.

Anayetaka kuficha namba muda wote hutumia mipangilio. Kwenye Android, fungua programu ya Simu, gusa vitone vitatu, ingia kwenye mipangilio na utafute sehemu inayohusu kitambulisho cha mpigaji. Samsung huiweka chini ya “Supplementary services”. Kwenye iPhone, zima “Show My Caller ID” katika mipangilio ya simu. Mwenye laini mbili hubadilisha kila laini peke yake. Kitufe kikiwa kimefifia au hakipo kabisa, maana yake ni kwamba mtandao wako hauruhusu mteja abadilishe mwenyewe, na hapo huduma kwa wateja ndiyo njia iliyobaki. Ukitaka kujua hali ya laini yako, piga *#31#; na ikiwa umeficha moja kwa moja lakini unataka simu fulani ionyeshe namba, tanguliza *31# badala ya #31#.

Mimi ningeshauri utumie msimbo wa simu moja na kuachana na mipangilio ya kudumu, kwa kuwa watu wengi hawapokei namba iliyofichwa, na simu za siku hizi zinaweza kuikataa au kuinyamazisha kabla mwenyewe hajaisikia. Kubipu nako hakuna maana tena, maana uliyembipu hana namba ya kukupigia. Kabla ya kutegemea njia yoyote, jaribu kwanza kwa kuipigia simu ya mtu wa nyumbani, hasa ukitaka kupiga nje ya nchi, ambako mtandao wa upande wa pili unaweza usiheshimu ombi lako.

Ifahamike pia kwamba namba haifutwi. Inasafiri pamoja na simu, ikiwa na alama inayouagiza mtandao wa mpokeaji usiionyeshe, na kampuni za simu hubaki na kumbukumbu yake. Kwa Tanzania, ambako laini husajiliwa kwa alama za vidole, anayepiga kutisha au kutukana kwa namba iliyofichwa anaweza kutambuliwa kwa jina pindi polisi wakifuatilia kumbukumbu hizo.

Msimbo huu unahusu simu za kawaida tu. Hauna nguvu kwenye WhatsApp, ambako namba ndiyo akaunti yenyewe, wala kwenye SMS. Kwa hiyo simu ikikatika katikati ya maongezi, usije ukamtumia mwenzako ujumbe wa kuomba radhi kwamba salio limeisha.