Kabla hajafunga begi la chuo: namna ya kuongea na mwanao kuhusu pombe

Binti yangu alijua kufungua chupa ya bia kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Nikirudi kazini nimechoka, huyo anakuja mbio na kifungulio, nasi tunacheka. Alipopata nafasi ya chuo ndipo nilipojiuliza nimemfundisha nini.

Kwa hiyo usianze na yeye, anza na wewe. Wiki mbili nzima andika daftarini kila unachokunywa na kilichotangulia. Zangu nyingi zilifuata siku mbaya kazini. Mtoto alishaliona hilo zamani: siku ikiharibika, dawa iko kwenye chupa. Na chuoni siku mbaya hazikosi. Halafu jibu dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, maswali 10 tu. Alama 8 na kuendelea ni dalili ya unywaji wa hatari. Nilipata 11.

Ongea naye kabla hajaondoka, maana wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza ndizo zinazowaponza wengi. Usiitishe kikao. Sisi tulikuwa tunaosha vyombo. Mikono ikiwa na kazi, macho hayalazimiki kukutana. Nilimpa ile karatasi ya dodoso. Akajifuta mikono, akaisoma mpaka mwisho.

"Kumi na moja ni nyingi, Baba?"

"Ni nyingi."

Hapo ndipo nikaweza kumweleza habari za ukoo. Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa urithi unachangia karibu nusu ya hatari ya uraibu wa pombe. Na kuna jambo vijana hulielewa kinyume: anayekunywa nyingi bila kuyumba si shujaa, yuko kwenye hatari kubwa zaidi, hasa akiwa ametoka kwenye ukoo wenye walevi. Babu yake alisifiwa kwa hilo hilo, mpaka pombe ikammaliza.

Kisha sema msimamo wako bila kuzungukazunguka. Ile hoja ya "anywe nyumbani ajizoeze" niliwahi kuitumia, na haina mashiko. Watoto wa wazazi walegevu ndio huelekea kunywa zaidi wakifika chuoni.

Mwisho, mruhusu akupigie saa yoyote, na usiku huo usimhoji. Maswali yangoje kesho. Wangu alipiga mara moja, saa nane usiku: rafiki yake amezima, haamki. Nikamwambia amlaze kwa ubavu, asimwache peke yake, aite gari la wagonjwa sasa hivi. Kahawa na maji ya baridi havisaidii kitu, ini huondoa pombe kwa mwendo wake.

Asubuhi akapiga tena. Rafiki yake alikuwa anaendelea vizuri. Akaniuliza kama bado naandika lile daftari. Nilikuwa nimeruka siku tatu, nikamwambia hivyo hivyo.