Kuandaa mkutano na warsha ya kikanda ya uhifadhi wa kidijitali: hatua kwa hatua

Mwongozo huu unamfaa anayeandaa siku tatu za watu 24 kutoka masijala, maktaba na idara za nyaraka za Afrika Mashariki. Mfano wetu ni Arusha. Kipimo ni kimoja: kila mshiriki aondoke akiwa amefungasha faili kwa mikono yake (yaani kuziweka pamoja na orodha ya kuzikagua) na kuzihakiki. Siku tatu za kusikiliza mada hazimfundishi mtu kazi hii.

Hatua ya 1: Tarehe

Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai. Juni vifungu vimekauka, Julai na Agosti fedha bado hazijashuka. Lenga Oktoba au Novemba. Alhamisi ya kwanza ya Novemba ni Siku ya Dunia ya Uhifadhi wa Kidijitali. Itaje kwenye barua, inasaidia.

Hatua ya 2: Barua ya mwaliko

Itoke wiki kumi kabla, kwa mkuu wa taasisi, nakala kwa mshiriki. Mtumishi wa umma hasafiri nje bila kibali, na kibali hakiombwi bila barua. Taja nani analipa nauli, nani malazi, nani posho, kila kimoja kwa mstari wake. Sisitiza kwamba unamhitaji mtu anayeshika faili kila siku, la sivyo utaletewa wakurugenzi watupu. Wote wanaotoka nje waje na pasipoti na kadi ya homa ya manjano. Utaratibu wa kusafiri kwa kitambulisho kati ya Kenya, Uganda na Rwanda hauihusu Tanzania.

Kikao cha maandalizi cha mtandaoni kiandikiwe saa ya kila mji. Kigali, Bujumbura na Bukavu wako saa moja nyuma ya Arusha, na "saa nne" pekee haimtoshi kila mtu.

Hatua ya 3: Ratiba

Warsha itangulie, mkutano ufuate. Wengi hupanga kinyume, kisha mgeni rasmi anayetarajiwa saa tatu anafika saa tano na asubuhi ya mazoezi imeshakwenda. Mwombe afunge badala ya kufungua. Siku ya kwanza ni kutambua faili na kupata cheksamu, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili na kubadilika faili ikibadilika. Ya pili ni kufungasha, kuhamisha, kuharibu kwa makusudi na kuhakiki tena. Ya tatu ni mkutano, na hapo watu watajadili sera wakijua kazi yenyewe inadai nini.

Hatua ya 4: Ukumbi

Meza za watu wawili wawili, jenereta iliyojaribiwa, soketi moja kwa kila kompyuta. Wageni wa Rwanda, Burundi na Kongo watakuja na chaja za pini mbili za duara, kwa hiyo nunua adapta kumi.

Hatua ya 5: Kompyuta na faili za mazoezi

Hapa ndipo warsha nyingi huvunjikia. Itengee wiki mbili kamili.

Usiwaambie washiriki waje na kompyuta zao. Nyingi za serikali haziruhusu kusakinisha programu, nyingine zimefungwa hata milango ya USB, na afisa TEHAMA mwenye nenosiri amebaki Dodoma au Kampala. Kodi kompyuta mpakato 14 zinazofanana: 12 za kazi, mbili za akiba. Mmoja anaandika amri, mwenzake anasoma karatasi ya maelekezo, kisha wanabadilishana. Wasimamizi wawe watatu. Mmoja kwa watu wanane ndiyo mwisho.

Sakinisha kila kitu kabla, toleo lilelile kwenye mashine zote, kisha zima intaneti ujaribu zoezi zima tangu mwanzo. Kwa darasa tunapendelea Siegfried kuliko DROID. Zote ni programu za kutambua aina ya faili kwa PRONOM, orodha ya aina za faili zinazojulikana, lakini Siegfried ni programu ndogo isiyohitaji Java na jibu lake linaonekana papo hapo. Amri yake ni `sf`. Endesha `sf -update`, inayosasisha orodha hiyo, ukiwa bado na mtandao. Amri ya darasani ni hii:

`sf -hash sha256 -csv mazoezi > orodha.csv`

Iendeshe kutoka nje ya folda ya mazoezi, ama sivyo orodha itajiorodhesha yenyewe. Tumia dirisha la CMD, lile la kuandikia amri kwenye Windows. PowerShell ya zamani inayokuja na Windows huandika matokeo ya alama ya `>` kwa UTF-16, namna tofauti ya kuhifadhi herufi, na programu nyingine zitashindwa kuyasoma. Wale ambao kompyuta zao za ofisini zimefungwa wafundishe `certutil -hashfile barua.pdf SHA256`, imo ndani ya Windows, haisakinishwi.

Faili za mazoezi ziwe kama 200, zisizidi MB 500, na ziwe na kasoro za kweli. Weka JPEG iliyobandikwa jina la .tif, .doc za Word 97, PDF yenye nenosiri, na faili tupu ya baiti sifuri. Cheksamu ya SHA-256 ikianza na e3b0c442, faili haina kitu ndani. Waache waigundue wenyewe. Weka pia majina yanayosumbua: "ng'ombe" kwa kiapostrofi cha kawaida na kwa kile kilichopinda, jina la herufi za Kiarabu, na "procès-verbal". Herufi è inaweza kuandikwa ndani ya kompyuta kwa namna mbili, na Mac na Windows zikitofautiana, kifurushi kitadai faili haipo huku unaiona kwa macho. Wenzetu wa Bujumbura na Bukavu watakutana na tatizo hili kabla ya wengine.

Usitumie majalada ya watumishi wala wagonjwa. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zipo Kenya na Uganda tangu 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022.

Kufungasha tunatumia BagIt, utaratibu wa kuweka faili pamoja na orodha ya cheksamu zao:

`bagit.py --sha256 mazoezi`
`bagit.py --validate mazoezi`

Amri ya kwanza huhamishia faili ndani ya folda mpya ya data palepale zilipo. Kwa hiyo ifanye kwenye nakala tu, kamwe si kwenye faili asili. Kuhakiki kukigoma bila sababu ya wazi, tafuta kwanza Thumbs.db, .DS_Store au faili zinazoanza na `._`: mfumo umeziweka baada ya kufungasha, na BagIt hukataa chochote kilichomo ndani ya folda ya data kisichokuwemo kwenye orodha.

Flashi zote zipigwe fomati ya exFAT na zipimwe virusi. FAT32 haipokei faili ya GB 4, na video moja ya mahojiano hupita hapo.

Hatua ya 6: Mkutano

Ajenda tatu tu: nani ataweka nakala ya nani nje ya nchi yake, aina zipi za faili zitapokelewa, nani atahakiki na lini. Kila azimio liwe na jina la cheo na tarehe.

Hatua ya 7: Baada ya miezi mitatu

Kila mshiriki aendeshe tena `--validate` kwenye kifurushi alichoondoka nacho na kutuma jibu, hata likiwa la kushindwa. Atakayenyamaza, mpigie simu. Mara nyingi flashi imeshafutwa ili ibebe kitu kingine, na huyo ndiye wa kualikwa kwanza kwenye warsha ijayo.