Somo: Okidi ya kiatu katika nyumba ya Lamu (someni kabla ya kuuliza)

Tangu Ramadhani naulizwa jambo hili hili, namna ya kukuza okidi ya kiatu nyumbani, wengine hunisimamisha njiani nina samaki mkononi anaharibika. Basi naliandika mara moja.

Okidi ya kiatu ni Paphiopedilum. Ua lake lina mfuko mbele, ndiyo maana mamangu huiita "kubadhi". Kwao ni Asia, kuanzia India hadi Visiwa vya Solomon.

1. Chagua yenye majani ya madoadoa. Nyingi za majani ya kijani kitupu hutaka usiku wa baridi ndipo zitoe ua, na baridi hiyo hapa hatuna.

2. Weka kiwandani, yaani uwanja wa ndani ya nyumba, penye mwanga. Jua la mchana lisiiguse.

3. Chungu kidogo, chenye matundu.

4. Makumbi ya nazi, ndiyo ya kupandia badala ya udongo. Hapa ndipo nilipoua miche mitatu. Nilipewa makumbi bure na mzee asokotaye kamba. Laini, yamelegea vizuri, nikaona nimeokota dhahabu. Nikasahau kuwa makumbi ya kamba hufukiwa kwenye tope la bahari kwa miezi. Wiki ya tatu ncha za majani zikawa kama zimepitishiwa kiberiti, na ukingoni mwa chungu pakatoka utando mweupe. Nikauonja: chumvi. Kung'oa mche, ganda la mzizi likavuka kama soksi, mkononi nikabaki na uzi. Kwa hiyo: chukua makumbi makavu ya nazi ya jikoni, yakate vipande kama ncha ya kidole, yaloweke siku tatu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukibadilisha kila siku. Onja maji ya mwisho. Changanya sehemu tatu za makumbi na moja ya mkaa uliooshwa. Mchanga wa Shela USITIE, huziba hewa. Kila mwaka badilisha, maana makumbi huoza. Na mzizi mzima ni wa kahawia, una manyoya kama kiwavi. Usiukate ukidhani umeoza.

5. Maji ya mvua, asubuhi. Mmea huu hauna kiazi cha kuweka akiba, kwa hiyo usiuache ukauke kabisa. Maji yasilale katikati ya majani, moyo utaoza.

6. Mbolea ya maji, robo ya kipimo cha kwenye chupa, mara mbili kwa mwezi.

MASWALI

Kijana wa Langoni: Yangu inakufa, nifanyeje?
— Umetia maji gani?
Kijana wa Langoni: Ya kisima.
— Soma namba 4 na 5.

Mpenda Maua, Malindi: Mbona ilitoa ua mara moja tu? Uliyeniuzia ulisema itachanua tena.
— Sikukuuzia, nilikupa. Chipukizi moja hutoa ua mara moja maishani. Ngoja watoto wa pembeni wakue, nao watatoa. Usiikate ile ya zamani, inawalisha.

Binti wa Mkomani: Shikamoo. Nimeona mtu ametia vipande vya matumbawe chunguni. Si vina chumvi?
— Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Zipo aina ambazo kwao ni kwenye mawe ya chokaa. Niveum, ile nyeupe yenye vidoti, huota kwenye visiwa vya chokaa upande wa Langkawi, Malaysia, karibu na bahari kama sisi. Hiyo hupenda chokaa kidogo. Chukua jiwe la zamani lililonyeshewa miaka kwenye ukuta uliobomoka, usiokote pwani. Aina zisizotoka kwenye chokaa usizitie. Ukitaka mche wa kujaribia, pita kwangu baada ya alasiri.

Mzee wa Dau: Kuna za bure msitu wa Arabuko-Sokoke, juu ya miti.
— Hizo ni okidi nyingine, mzee wangu, na kiatu hazina. Ziacheni mtini. Na hizi za kiatu zinazoota porini kwao, mkataba wa CITES, ule wa mataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, umezuia biashara yake ya kimataifa. Ulizeni mche umezalishwa wapi kabla ya kutoa pesa.

Binti wa Mkomani: Maji ya mvua nayakinga darini lakini yana rangi.
— Mvua ya kwanza iache imwagike, inaosha chumvi ya upepo na kinyesi cha njiwa. Kinga ya pili.

Mpenda Maua, Malindi: Na mbu kwenye pipa?
— Samaki wadogo wa birika, yaani hodhi la maji la nyumbani. Wawili watatosha.