Kabla masika hayajawafungia watoto ndani

Dar es Salaam masika huanza Machi na kwenda hadi Mei. Anayeishi kwenye vyumba viwili vya kupanga, uani pakiwa pamejaa maji, anaijua siku ya tatu ya mvua: watoto wamechora mpaka daftari limeisha, wamegombana na kupatana, na sasa wanagombea rimoti. Nimelea watatu katika nyumba ya namna hiyo. Kilichotusaidia zaidi hakikutoka dukani. Kilitoka kwenye wiki mbili za kujiandaa, jua likiwa bado linawaka.

Anza na nyumba yenyewe, maana mvua inaingiza ndani hata vitu ambavyo siku zote huwa nje. La kwanza ni jiko la mkaa. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na watu wamekufa nayo usingizini. Tafuteni mapema mahali penye paa na upepo pa kupikia, mkubaliane na wapangaji wenzenu. Ndoo na mapipa ya kukingia mvua yawe na vifuniko, kwa sababu mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama kwenye maji machache sana. Mafuta ya taa yasikae kamwe kwenye chupa ya soda. Halafu mbu: anayeeneza dengue huuma mchana, watoto wakiwa wanacheza, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Jiji hili lilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019. Makopo, matairi na vifuu vinavyotuamisha maji viondolewe kabla.

Sasa tafuta boksi moja uliite la mvua. Lisifunguliwe mpaka inyeshe. Hapo ndipo utamu wake ulipo. Weka vizibo vya soda, kamba, vipande vya kanga chakavu, chaki, maboksi ya sabuni, na kalenda za mwaka jana, ambazo mgongo wake ni karatasi nzuri kabisa ya kuchorea. Gundi pika mwenyewe kwa unga wa ngano na maji, uji mzito kidogo. Kama una mdogo wa chini ya miaka 3, vizibo na kete vikae juu, maana humo ndimo mtoto anamopaliwa. Kabla ya mvua pia nenda nao Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ina sehemu ya watoto.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ndani ya boksi hilo ni bao. Lina mashimo 32, safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Kama huna la kuchonga, chukua trei mbili za mayai, ziunganishe kwa gundi yako ya ngano, kisha zikate zibaki safu 4 za mashimo 8. Kete ziwe komwe au kokoto. Mwanzishe mtoto kwa bao la kujifunza, lile ambalo kila shimo huwekwa kete 2 tangu mwanzo; lile la wakubwa, la kuanza na kete 22 mkononi, lisubiri. Usimharakishe. Wangu wa darasa la pili alikuwa akihesabu kila kitu kwa vidole. Baada ya siku chache za bao alianza kuyapima mashimo kwa macho tu na kujua kete zake zitaishia wapi kabla hajazigusa. Ni hesabu ya darasani ileile, ila hapa anaifanya kwa sababu anataka kula kete za kaka yake.

Jioni umeme ukikatika, vitendawili. Kitendawili! Tega. Anayeshindwa hutoa mji, na sisi tumeongeza sharti: mji uwe kwenye ramani iliyobandikwa ukutani, na usiwe umeshatolewa. Watoto wangu waliifahamu Kasulu, Nachingwea na Mpwapwa kwa njia hiyo. Kwa hiyo ramani inunuliwe kabla, na taa ya sola ichajiwe wakati jua lipo.

Andaa na kipimo cha mvua. Chupa ya plastiki iliyonyooka ubavuni ikatwe shingo, shingo igeuzwe iwe mdomo wa kuingizia maji, na rula ibandikwe nje. Kitako cha chupa huwa hakiko sawa, hivyo tia maji kwanza mpaka kwenye alama ya sifuri. Iwekwe mahali pa wazi, na kila asubuhi saa ileile mtoto asome, aandike, amwage mpaka sifuri. Mweleze kwamba milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwenye kila mita moja ya mraba, kisha mpe kazi ya kukokotoa maji yaliyoangukia bati lenu. Mkubwa atapenda kulinganisha daftari lake na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Kuhusu televisheni na simu, amua saa mapema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na wa chini ya mwaka asipewe kabisa. Wa miaka 3 na 4 anahitaji kuuchangamsha mwili kwa dakika 180, na dakika 60 kati ya hizo ziwe za kumtoa jasho. Sogeza meza, chora mito kwa chaki sakafuni, waruke.

Mwisho, kaa na dada wa kazi, au bibi, yeyote atakayebaki nao. Mwonyeshe boksi, mfundishe bao kama halijui, na mkubaliane kwamba kupika kukichelewa kwa sababu watoto walikuwa wanampimia mchele na maji, hakuna atakayegombezwa.