Vitenzi vya Kiingereza vya kupa na kupata: namna ya kupanga yambwa mbili

Mzungumzaji wa Kiswahili anapoanza kujifunza Kiingereza hukutana mapema na sentensi kama "I gave Asha a book" na kuielewa papo hapo, kwa sababu mpangilio wake ni uleule wa "Nilimpa Asha kitabu": kitenzi, mpokeaji, kisha kitu. Urahisi huo ndio unaomponza baadaye, maana huamini kwamba kila kitenzi chetu chenye yambwa mbili, yaani anayetendewa na kitu kinachotendwa, kina mwenzake wa Kiingereza, akaandika "Explain me the lesson" au "Borrow me your pen" bila kushuku lolote.

Hatua ya kwanza: tambua yambwa zote mbili

Katika "I gave Asha a book", Asha ni mpokeaji, yaani yambwa tendewa, au shamirisho kitondo kwa waliofundishwa istilahi hiyo. Kitabu ni yambwa tendwa, au shamirisho kipozi. Mpokeaji akitangulia, hakuna kihusishi, yaani neno kama "to" au "for", kinachoingia kati yake na kitenzi.

Hatua ya pili: geuza mpangilio, kisha chagua kihusishi

Kitu kikitangulia, mpokeaji hana budi kutanguliwa na kihusishi. Vitenzi kama "give", "send", "lend", "show", "sell", "pay" na "teach" hutumia "to": "I gave a book to Asha". Vitenzi kama "buy", "make", "cook", "find" na "build" hutumia "for": "I bought a book for Asha". Tofauti hii ina sababu. Huwezi kumaliza tendo la kutoa pasipo mtu wa kupokea, lakini unaweza kununua au kupika hata kama hakuna mwingine anayehusika, na "for" humwingiza mtu huyo wa ziada. Kitenzi "bring" hukubali vyote viwili kulingana na maana.

Mpangilio upi utumike? Kiingereza hupenda kuweka mwishoni jambo lililo jipya au lililo refu, kwa hiyo "I gave the book to the student who arrived late" husomeka vizuri kuliko kumtanguliza mwanafunzi huyo na maelezo yake yote. Kitu kikiwa kiwakilishi kama "it" au "them", sema "Give it to me". Umbo "Give me it" husikika miongoni mwa baadhi ya wazungumzaji, hasa Uingereza, lakini mwanafunzi atakuwa salama zaidi na lile la kwanza.

Hatua ya tatu: uliza kama mtu huyo atakipata kitu

Hapa ndipo lugha hizi mbili zinapoachana, na ningependa msomaji asimame kwa muda. Kauli ya kutendea katika Kiswahili, yaani umbo kama "nunulia" kutoka "nunua", haijali kama mtu amenufaika, amedhurika au amesaidiwa tu. Tunasema "Alimnunulia Juma simu" na "Alimwibia Juma simu" kwa muundo uleule, na tunasema "Nifungulie mlango" na "Nishikie mkoba" ingawa anayefunguliwa mlango hapewi mlango. Sentensi ya Kiingereza yenye yambwa mbili ina mlango mwembamba zaidi: kwa kawaida hutaka mtu huyo awe na kitu hicho mwisho wa tendo, au akusudiwe kuwa nacho, au, kwa vitenzi kama "tell" na "teach", apate kukijua.

Kwa hiyo "He stole Juma a phone", kama itaeleweka kabisa, itamaanisha kwamba mtu aliiba simu ili ampe Juma, kinyume kabisa cha ulichokusudia. Sema "He stole a phone from Juma" au "He robbed Juma of his phone". Vivyo hivyo, "Alininyang'anya simu" ni "He snatched my phone from me". "Open me the door" haikubaliki, bali "Open the door for me". Na mkoba nao ni "Hold the bag for me". Lakini "Open me a bottle of water" inakubalika, kwa sababu chupa ikishafunguliwa maji yanakufikia wewe.

Kipimo hikihiki kinaeleza kwa nini mahali hapawi mpokeaji. Unaweza kusema "I sent my sister a parcel", lakini si "I sent London a parcel", isipokuwa London inasimama badala ya watu au ofisi iliyoko huko.

Vipo vitenzi vichache vya hasara na kunyimwa vinavyokwenda kinyume na mwelekeo huu, navyo ni vya kukariri: "The mistake cost him his job", "They refused her a visa", "The court fined him 100 pounds".

Hatua ya nne: jihadhari na vitenzi vinavyokataa

Vitenzi "explain", "describe", "suggest", "announce", "say" na "donate" vina maana inayofaa, lakini havikubali mpokeaji afuate moja kwa moja. Tunasema "nieleze" na "nipendekezee", ila Kiingereza hudai "explain it to me" na "suggest a book to me". Vingi vya aina hii viliingia katika Kiingereza kutoka Kilatini na Kifaransa, ilhali "give", "send" na "tell" ni vya asili ya Kijerumaniki, jamii ya lugha ambamo Kiingereza chenyewe kimo. Huo ni mwelekeo tu, si kanuni, kwani "offer", "promise" na "pay" vina mizizi ya Kilatini na bado vinakubali yambwa mbili. "Provide" hufuata njia yake: "They provided us with books".

Hatua ya tano: tenganisha kupata na kupatiwa

"Get" ina sura mbili. Ikimaanisha kumletea au kumtafutia mtu kitu, hubeba yambwa mbili: "Get me a chair". Ikimaanisha kupokea, hubeba moja, na mtoaji hufuata "from": "I got a letter from her". "Receive" na "borrow" hubaki upande huu wa pili. Kwetu "kuazima" hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea, lakini Kiingereza hutenganisha: "Lend me your pen", halafu "I borrowed a pen from Juma".

Maswali ya wanafunzi

Swali: Mwalimu, "Nilipewa kitabu" ni "I was given a book" au "A book was given to me"?

Jibu: Zote mbili ni sahihi, na ya kwanza ndiyo ya kawaida zaidi. Kiswahili hakina nafasi hiyo ya pili, kwani "Kitabu kilipewa Asha" haikubaliki. Kwa "buy", tumia "A book was bought for me", ambayo wengi huiona ni nyoofu kuliko "I was bought a book".

Swali: Nikitaka kumuuliza mtu alimpa nani kitabu, je, "Who did you give the book?" inatosha?

Jibu: Haitoshi. Mpokeaji akiulizwa, kihusishi hubaki: "Who did you give the book to?" Katika maandishi rasmi sana utakuta "To whom did you give the book?"

Swali: Shikamoo mwalimu. Mbona tunasema "I asked him a question" lakini nikiandika "I asked him money" ninasahihishwa?

Jibu: Marahaba. "Ask" ya kuuliza hubeba yambwa mbili, na kitu chake huwa swali, bei, jina, njia na mambo ya aina hiyo. "Ask" ya kuomba hudai "for" mbele ya kinachoombwa, hivyo "Nilimwomba pesa" ni "I asked him for money". Tena, usigeuze ile ya kwanza kwa "to": "I asked a question to him" si Kiingereza sanifu.