Siti ya baiskeli kwa safari ndefu: pima mifupa kwanza

Wakuu, kila mara kuna mtu anatafuta siti laini ya kwenda nayo Bagamoyo. Anaibonyeza kwa kidole gumba dukani, anaridhika, analipa. Makalio hayafanyi kazi kama kidole. Uzito wako unabebwa na mifupa miwili ya kukalia. Kwenye jeli nene mifupa hiyo inazama, jeli inapanda katikati na kubana mishipa ya damu na ya fahamu. Ganzi inaanzia hapo. Kwa hiyo tafuta upana kabla ya ulaini.

Hatua ya 1: Weka kipande cha boksi lenye mawimbi ndani juu ya stuli ngumu. Kaa ukiwa na nguo nyepesi, miguu juu ya tofali ili magoti yapande, kisha inama kama unavyoinama ukiendesha. Ukiinuka utaona vibonyeo viwili. Visipoonekana, pitisha chaki juu yake. Pima toka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine. Wengi huangukia kati ya milimita 100 na 140. Anayelalia usukani aongeze kama 20. Anayekaa wima, 30 au zaidi. Huo ndio upana wa nyuma wa siti yako.

Hatua ya 2: Kabla ya kutoa hela, rekebisha uliyonayo. Weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Nyonga zikiyumba ukiendesha, siti iko juu mno. Ila mitaani kwetu wengi wanakaa chini mno, na uzito ambao miguu ingeupokea unaishia makalioni.

Hatua ya 3: Laza rula ndefu juu ya siti, iwe sawa na ardhi. Pua ya siti (ncha yake ya mbele) ikitazama juu, inachoma. Ikiinama sana unateleza mbele na viganja vinaumia.

Hatua ya 4: Kaptura yenye pedi, bila chupi ndani. Ndiyo, bila. Mishono ya chupi ndiyo inayochubua. Vaselini kidogo mapajani, na uinuke kwenye pedeli mara kwa mara.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, siti za springi za baiskeli za Phoenix hazifai?*
Zinafaa sana kwa anayekaa wima. Ukiinama na kukanyaga kwa kasi zinadundadunda, na upana wake unasugua mapaja.

*Mimi ni mwanamke, lazima ninunue siti ya kike?*
Hapana, dada. Nyonga za wanawake kwa wastani ni pana, ndiyo maana siti hizo ni pana. Fuata kipimo chako cha boksi, si maandishi ya dukani.

*Siti ya ngozi ya kampuni ya Brooks je? Nimeishika, ngumu kama ubao.*
Ni ngozi iliyovutwa juu ya fremu ya chuma, haina sponji. Inahitaji mamia ya kilomita kufuata umbo lako. Isilowe mvua, kofia ya kuogea inatosha kuifunika.

*Nikifika kilomita ya 30 napata ganzi sehemu za siri. Nivumilie?*
Usivumilie hata kidogo. Shuka, tembea, kisha inamisha pua ya siti kiasi kidogo sana. Ganzi ikirudi, badilisha siti. Ganzi ikibaki hata baada ya kupumzika, kamwone daktari kabla ya kupanda tena.