Madini ya kulamba kwa kulungu mwitu: sheria, lebo na mahali pa kuweka

Msimu wa baridi ukikaribia kwisha nchini Marekani, maduka ya vifaa vya mashamba na uwindaji hujaa mifuko ya madini ya kulamba yenye picha ya dume la kulungu lililobeba pembe kama matawi ya mti mkavu. Picha hiyo ndiyo inayouza. Ukigeuza mfuko na kusoma maandishi madogo ya nyuma, mara nyingi utakuta karibu mfuko mzima ni chumvi iliyotiwa rangi na harufu ya tofaa. Kununua chumvi si kosa. Kosa ni kuilipia bei ya madini wakati duka hilohilo linauza chumvi ya ng'ombe kwa bei ndogo.

Kulungu tunayemzungumzia ni yule wa mkia mweupe wa Amerika Kaskazini. Huyu si kulungu wa vichaka vya Afrika Mashariki, anayeitwa pia pongo, ambaye pembe zake ni za kudumu. Dume wa mkia mweupe huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine, takriban kuanzia Aprili hadi Agosti. Pembe iliyokomaa ni mfupa mtupu, na madini yake makuu ni kalsiamu na fosforasi kwa uwiano wa karibu mbili kwa moja. Pembe zinapoota kwa kasi, chakula peke yake hakitoshi, kwa hiyo mwili huchota madini kwenye mifupa mingine, hasa mbavu, na kuyarudisha baadaye. Hapo ndipo wauzaji walipopata hoja ya kwamba ukimpa madini, pembe zitakuwa kubwa.

Hoja hiyo ina ukweli kidogo na chumvi nyingi. Pembe kubwa hutokana na umri, lishe ya mwaka mzima na urithi wa damu. Dume hufikia kilele cha pembe akiwa na miaka 5 hadi 7, na anayeuawa akiwa na mwaka mmoja na nusu hawezi kuonyesha alichokuwa nacho hata umwagie gunia zima la madini. Palipo na chakula cha kutosha, kuongeza madini hakubadilishi pembe kwa kiasi cha kuonekana. Kinachoweza kusaidia ni kuziba pengo mahali ambapo udongo una upungufu, kwa mfano ardhi ya kichanga iliyooshwa na mvua na yenye fosforasi kidogo. Pima udongo kwanza kwenye maabara ya kilimo ya jimbo lako. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mfuko mmoja wa madini, na majibu yatakufaa hata kwa kupanda malisho.

Kinachomleta kulungu kwenye shimo la madini ni sodiamu. Majani machanga ya mwanzo wa joto yamejaa maji na potasiamu lakini yana sodiamu kidogo sana, na mwili unapoitoa potasiamu hiyo ya ziada, sodiamu nayo hupotea. Majike wakati huohuo wana mimba kubwa au wananyonyesha. Hamu hii ya chumvi si ya kulungu peke yake: tembo wa Mlima Elgon huingia gizani ndani ya pango la Kitum na kuchimba ukuta kwa pembe zao ili wale chumvi, na kila mfugaji amewahi kuona ng'ombe wakivutana kwenda kwenye udongo wa magadi. Fosforasi na kalsiamu hazina mvuto huo, na DCP (dikalsiamu fosfeti, unga wa mifugo wenye madini hayo mawili) ikiwekwa peke yake kulungu huipita. Kwa hiyo chumvi ni chombo cha kubebea madini mengine, na mchanganyiko mzuri hauwezi kuikosa.

Kabla ya kununua chochote, soma sheria ya jimbo na ya kaunti yako. Hili tunalisisitiza kuliko jambo lolote lingine hapa. Kuna ugonjwa wa kulungu unaojulikana kwa kifupi CWD, uliotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1967 kwa kulungu waliofugwa Colorado. Chanzo chake ni prioni, protini iliyoharibika umbo, ambayo hula ubongo taratibu mpaka mnyama anakonda, anadondosha mate na kufa. Hauna chanjo wala tiba. Prioni hutoka kwa mate, mkojo na kinyesi, hushikamana na udongo, hasa wa mfinyanzi, na hukaa humo kwa miaka. Sasa fikiria shimo la kulamba: kulungu ishirini wa familia tofauti, ambao porini wasingekaribiana hivyo, wanapitisha ulimi kwenye kipande kilekile cha udongo usiku kucha. Watafiti wamezikuta prioni kwenye udongo na maji ya sehemu za kulamba huko Wisconsin. Norway, ilipougundua ugonjwa huu kwa reindia, kulungu wa nchi za baridi kali, mwaka 2016, ililiangamiza kundi zima la eneo la milima la Nordfjella, takriban wanyama 2,000.

Ndiyo maana majimbo mengi yamekataza madini, chumvi na chambo kwenye kaunti zenye CWD, na baadhi yamekataza kabisa. Michigan, ambayo pia ina kifua kikuu cha ng'ombe kwa kulungu mwitu upande wa kaskazini-mashariki mwa rasi yake ya kusini, ilipiga marufuku chambo katika rasi hiyo yote mwaka 2019. Angalia pia jambo linalowanasa wengi: katika baadhi ya majimbo udongo ulioloa chumvi huhesabiwa kuwa chambo hata kama jiwe la chumvi uliliondoa miezi iliyopita, na kuwinda karibu nao ni kosa. Kama CWD imethibitishwa kwenye kaunti yako, ushauri wetu ni usiweke, hata pale sheria inaporuhusu.

Ukiruhusiwa, na eneo likiwa salama, anza na lebo. Tafuta mistari mitatu: chumvi, kalsiamu na fosforasi. Mfuko wenye chumvi asilimia 90 na zaidi, bila fosforasi ya maana, ni kivutio tu. Bidhaa inayostahili kuitwa madini huwa na chumvi kati ya asilimia 30 na 60, fosforasi asilimia 6 au zaidi, na kalsiamu isiyozidi mara mbili ya fosforasi. Wengine hujaza mfuko kwa unga wa chokaa kwa sababu ni rahisi, ukasoma kalsiamu asilimia 20 na fosforasi 2. Huo uache dukani. Rangi nyekundu isikudanganye: ni kutu ya chuma, na chuma kulungu anakipata cha kutosha kwenye majani na udongo. Kikizidi huzuia shaba isifyonzwe vizuri. Zinki, shaba, manganizi na seleniamu ni vizuri ziwepo kwa kiasi kidogo, lakini seleniamu usiongeze mwenyewe kamwe, kwa kuwa kipimo kinachofaa na kinachoua vimekaribiana mno.

Jiwe gumu la ng'ombe si chaguo zuri. Ng'ombe ana ulimi mpana wenye kukwaruza, wakati ulimi wa kulungu ni mwembamba. Atalamba, lakini atapata kidogo kwa muda mrefu, na mate yake yatabaki juu ya jiwe yakimsubiri mwenzake. Mawe yenye urea au dawa yaepuke kabisa. Mvua ikiyayeyusha urea, maji yanayotuama kwenye kishimo cha jiwe huwa sumu.

Mchanganyiko wa kujitengenezea unatosha mahitaji mengi. Pima kilo 5 za chumvi ya mifugo yenye madini mchanganyiko, ile ya chengachenga, kilo 2.5 za DCP na kilo 2.5 za chumvi ya kawaida isiyotiwa kitu. Pima kwa mizani, usikisie kwa ndoo, maana unga wa DCP na chenga za chumvi havilingani uzito. Changanya vikiwa vikavu juu ya turubai, ukigeuza kwa koleo mpaka usione mistari ya unga mweupe. Utapata kilo 10 zenye fosforasi ya asilimia 4 na nusu hivi, chini ya mfuko bora wa dukani lakini kwa gharama ndogo zaidi. Kama una kondoo, chumvi hiyo ya madini iwe mbali nao, kwa sababu shaba inayomfaa ng'ombe au kulungu hujilimbikiza kwenye ini la kondoo na kumuua.

Mahali pa kuweka pawe penye udongo wa mfinyanzi au tifutifu, kwenye mwinuko mdogo usiotuamisha maji, kando ya njia wanayopita tayari kwenda kulala au kula. Kichanga hupitisha chumvi chini ndani ya wiki chache. Kaa mbali na barabara, mbali na zizi, na angalau mita 50 kutoka kijito au kisima. Usiweke chini ya mti unaouthamini, kwa kuwa chumvi huchoma mizizi. Kwatua duara la sentimita 90, chimba sentimita 15, mwaga mchanganyiko wako, urudishie nusu ya udongo na kukoroga kwa reki. Kituo kimoja kwa kila ekari 60 hadi 100 kinatosha. Kuweka vingi hakuongezi faida.

Weka mwishoni mwa Februari au Machi, kabla majani hayajachipua. Ongeza kilo 5 mwezi Juni, majike wanaponyonyesha na pembe za madume zikiwa zinakimbia. Baada ya Agosti usiongeze tena. Wakati wa baridi hawaji sana, na watu wengi walioweka Novemba hukata tamaa wakidhani bidhaa ni mbovu. Sababu nyingine ya kutokuja ni chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, au jiwe la ng'ombe la jirani.

Kuhusu vivutio: molasi na unga wenye harufu ya matunda huleta rakuni na dubu kabla ya kulungu, na vikiloa huota ukungu. Mahindi ni hatari zaidi. Yakikaa kwenye unyevu hupata sumukuvu, ileile inayojulikana kwa uchungu Kenya tangu mwaka 2004 ilipoua watu 125. Usinunue mahindi ya wanyamapori yenye sumukuvu zaidi ya sehemu 20 kwa bilioni. Kumwaga mahindi mengi ghafla katikati ya baridi nako kunaua: vijidudu vya tumbo la kwanza vimezoea vijiti na magome, wanga ukiingia kwa wingi asidi hupanda, na mnyama hufa akiwa ameshiba. Mkojo wa kulungu unaouzwa kwenye chupa hutoka kwenye mazizi ya kufugia na unaweza kubeba prioni. Vermont na Virginia ziliukataza. Kama lazima utumie harufu, chukua ile ya kutengenezwa maabara.

Fedha iliyobaki ipeleke kwenye malisho. Chokaa ya kupandisha pH ya udongo hadi 6 au 6.5, klova (mmea wa malisho) kwenye uwazi wa msitu, na kukata miti michache ili mwanga ufike chini na magugu yenye majani mapana yaote, hulisha kundi zima mwaka mzima bila kuwakusanya mdomo kwa mdomo. Dume anayeotesha pembe anataka chakula chenye protini ya asilimia 16 hivi, na hiyo haipo kwenye mfuko wa chumvi.

Kagua kituo kila mwezi. Kikishakuwa bakuli la matope lenye kwato kila upande, mizizi imebaki wazi na maji yanatuama, kimekwisha. Hata ukiacha kuongeza, wataendelea kula udongo huo kwa miaka. Ukitaka kukifunga, au CWD ikithibitishwa karibu, piga simu idara ya wanyamapori ya jimbo kabla ya kugusa kitu. Wakikuruhusu, vaa glovu, chimba udongo wote ulioloa chumvi, kwa kawaida sentimita 30 hadi 40, uufunge kwenye mifuko ya plastiki na kuupeleka kwenye dampo watakalokuelekeza. Shimo lijaze udongo safi, kisha lifunike kwa magogo mazito au lizungushie waya.